UZI: Kemia ya mwaka wa kwanza chuoni, moli ndizo zinazowaangusha wengi. Karibuni tujadili

Bureti50 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Vyuo vinafunguliwa, na maswali ni yale yale ya kila mwaka: kemia ya utangulizi inasomwaje? Mimi ni msaidizi wa kufundisha somo hili kwenye chuo kimojawapo hapa Tanzania. Nimesahihisha karatasi nyingi za mwaka wa kwanza, na ninachokiona kinaniuma kwa sababu kinazuilika kabisa. Vijana waliotoka Form Six na PCB au PCM iliyonyooka (fizikia, kemia na baiolojia au hisabati) wanapigwa sapu, yaani wanarudia mtihani, kwenye kozi ambayo karibu nusu ya mada zake walishazisoma. Wachache wanadisko kabisa (wanaondolewa chuoni) na bumu, ule mkopo wa masomo, linaishia hapo.

Niseme msimamo wangu mapema ili mwenye hoja tofauti aje nayo. Naamini kinachoangusha watu ni moli (kipimo cha kuhesabia wingi wa chembe) na vipimo vyake, kuliko zile mada zinazoogopwa kama kwanta na obitali. Mtu anayesita kutoka gramu kwenda moli, moli kwenda lita, kisha kurudi, atakwama kwenye gesi, atakwama kwenye nishati ya mmenyuko, msawazo, asidi na besi, mpaka seli za umeme mwishoni mwa muhula. Zote hizo zinaanza na swali moja: una moli ngapi?

Mtego wenyewe uko kwenye wiki za mwanzo. Unafundishwa atomu, isotopu, majina ya kampaundi, kusawazisha milingano. Mwanafunzi anaona slaidi za Form Three, anatulia. Anaacha vipindi vya mazoezi, anasema atapiga msuli karibu na jaribio la kwanza. Ghafla mhadhara mmoja unabeba kitendanishi kikomo (kile kinachoisha kwanza), asilimia ya mazao na ukolezi wa mmumunyo kwa pamoja, na wiki inayofuata mhadhiri yuko kwenye gesi. Muhula una wiki kama 15 tu. Mada mliyosoma Form Five kwa mwezi mzima, chuoni inapewa mihadhara miwili.

Sasa tufanye hesabu moja pamoja, kwa kitu kilichopo jikoni kwetu: magadi, haya haya ya kulainishia maharage na makande. Magadi ya Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kule Kajiado, Kenya, kwa sehemu kubwa ni madini yanayoitwa trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Ukiyachoma vizuri unapata sodiamu kaboneti, ambayo viwanda vya vioo na sabuni vinaitumia sana:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Swali: kilo moja ya trona safi inatoa gramu ngapi za sodiamu kaboneti?

Hapo wengi wanakimbilia kusema moli mbili zinatoa tatu, kwa hiyo gramu 1,000 zinatoa 1,500. Jibu hilo nimelisahihisha sana. Simama hapo ujiulize: umechoma kitu, mvuke na hewa ya ukaa vimeondoka, uzito utaongezekaje?

Twende taratibu. Uzito wa moli ya trona: sodiamu tatu ni 68.97, kaboni mbili 24.02, haidrojeni tano 5.04, oksijeni nane 128.00. Jumla 226.03 g/mol. Gramu 1,000 ukigawa kwa 226.03 unapata moli 4.424. Mlingano unasema mbili kwa tatu, kwa hiyo zidisha kwa 3/2, unapata moli 6.636 za Na₂CO₃. Moli moja ya Na₂CO₃ ni gramu 105.99. Jibu ni gramu 703.4.

Usifunge daftari bado. Tafuta na vile vilivyoondoka: hewa ya ukaa moli 2.212, sawa na gramu 97.4. Maji moli 11.06, sawa na gramu 199.3. Jumlisha vyote vitatu: 1,000.1. Ile 0.1 imeletwa na kukadiria desimali tu. Uzito uliouingiza umeutoa. Ukaguzi huu unachukua dakika moja, na mwenye mazoea nao hahitaji kumuuliza mwenzake nje ya chumba cha mtihani kama amepata.

Mlingano unaongea kwa moli, mizani inaongea kwa gramu. Uwiano wa mlingano usiuguse kabla hujaingia kwenye moli.

Karibuni.

---

Binti wa Kondoa

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi naanza mwaka huu, nimetoka CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Hisabati yangu ni ile BAM tu, hisabati ya msingi ya Form Five na Six, na sikuipenda. Nimepangiwa shahada yenye kemia muhula wa kwanza na nina hofu kweli. Hisabati ya hii kozi inafika wapi? Kuna kalkulasi?

---

Bureti50

Karibu dada, na hongera kwa kuchaguliwa.

Kwenye kozi ya utangulizi kalkulasi ni kidogo sana, mara nyingi unaiona mhadhiri anapokuonyesha fomula ya kasi ya mmenyuko ilikotoka, basi. Unachohitaji kila siku ni vitu vinne ambavyo BAM inakutosha: kuandika namba kwa vipeo vya kumi, kuhamisha herufi kwenye fomula, logi, na uwiano.

Kwenye logi weka nguvu mapema, maana pH, kipimo cha uasidi, yote ni logi. Jizoeze kukisia kabla ya kugusa kikokotoo. Mfano ukolezi wa ioni za haidrojeni ni 3.2 × 10⁻⁴. Ungekuwa 10⁻³ pH ingekuwa 3, ungekuwa 10⁻⁴ ingekuwa 4. Wetu uko katikati, kwa hiyo jibu lazima liwe kati ya 3 na 4. Kikokotoo kinakupa 3.49. Kikikupa 10.5, unajua papo hapo kuna kitufe umekosea. Mwanafunzi wa CBG anayekisia namna hii ananipa karatasi nzuri kuliko wa PCM anayeamini kila kinachotokea kwenye kioo cha kikokotoo.

Na kila namba iandike na kipimo chake. Kila mstari, siyo kwenye jibu la mwisho tu. Ukiona g/mol imebaki mahali ulipotegemea mol, umegeuza kugawa na kuzidisha.

---

Mti Mkavu

Mkuu nakuheshimu ila hapa tunawatisha wadogo zetu bure. Mimi nimemaliza, na kozi hiyo nilipata B+. Njia ni moja: tafuta madesa (notisi za kurithishana) mazuri na mitihani ya nyuma ya miaka mitano au sita, fanya yote, ingia chumba cha mtihani. Maswali yanajirudia. Mhadhiri ana watu mia kadhaa wa kufundisha, hana muda wa kutunga vipya kila mwaka. Hizo habari za kuelewa kwa kina utazipata mwaka wa pili.

---

Bureti50

Mkuu, hoja yako ina uzito na siibezi. Mitihani ya nyuma ni lazima. Tofauti yetu ni namna ya kuitumia.

Maswali yanajirudia kwa sura, namba na kampaundi zinabadilika. Mwaka juzi liliulizwa swali la kitendanishi kikomo kwa kutumia aluminiamu na klorini, mwaka jana likaja la chuma na oksijeni, na safari hii likaongezewa sentensi moja: sampuli ina usafi wa asilimia 85. Sentensi hiyo moja iliangusha watu wengi waliokuwa wamekariri hatua, kwa sababu desa halikuwa na hatua ya usafi. Aliyeelewa alizidisha kwa 0.85 mwanzoni na kuendelea na maisha.

Kwa hiyo nashauri hivi: chukua mtihani wa nyuma, fanya bila kuangalia majibu, kwa muda wa mtihani. Swali ulilokosa, libadilishe namba wewe mwenyewe ulifanye tena siku mbili baadaye. Kupitia majibu ya mwenzako ukiwa unatikisa kichwa kukubali kunakupa hisia kwamba umeelewa. Karatasi nyeupe ndiyo itakayokwambia ukweli.

Kuhusu mwaka wa pili, kwa mtu wa famasia au uhandisi wa kemikali huko hakuna anayerudi kukufundisha moli. Wanadhani unazo.

---

Msomi wa Kajiado

Salamu kutoka Kenya wadau. Nimefurahi kuona magadi ya kwetu yametajwa.

Niongeze upande wetu. Sisi wa 8-4-4 tumetoka KCSE moja kwa moja hadi chuo, hatuna Form Five na Six. Moli tulizisoma kidato cha tatu, lakini mambo ya namba za kwanta, umbo la molekuli na entropia tunayaona mara ya kwanza chuoni. Kwa hivyo kwetu wiki za mwanzo si za kupumzika hata kidogo.

Swali langu liko kwa ule mfano wako. Ile hewa ya ukaa moli 2.212, nikitaka kujua ni lita ngapi, nazidisha kwa 22.4? Napata 49.5. Rafiki yangu amezidisha kwa 24 kama tulivyofundishwa shuleni, amepata 53. Nani yuko sawa?

---

Bureti50

Swali zuri sana, na linaondoka na alama za watu wengi.

Zote mbili ni sahihi mahali pake. Lita 22.4 kwa moli ni ya nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja. Lita 24 ni makadirio ya joto la chumba. Na kuna ya tatu: tangu 1982 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, linatumia kanieneo ya bar 1 kwa hali sanifu, na hapo moli moja ni lita 22.7. Vitabu vingi bado vina 22.4. Sikiliza mhadhiri wako anatumia ipi, na kwenye mtihani soma masharti yaliyotolewa.

Ila chuoni achaneni na kukariri hizo lita. Tumieni PV = nRT: kanieneo mara ujazo ni sawa na moli mara R (namba thabiti ya gesi) mara joto. Tuseme gesi imekusanywa kwenye nyuzi 25 na angahewa moja. Joto ni 298.15 kelvini. V = 2.212 × 0.08206 × 298.15 ÷ 1, unapata lita 54.1.

Hapo kwenye R ndipo pa kuangalia. 0.08206 inaenda na lita na angahewa. 8.314 inaenda na jouli, yaani paskali na mita za ujazo. Ukichanganya 8.314 na angahewa kwenye swali hili unapata "lita" 5,483. Kilo moja ya magadi haitoi lita elfu tano za gesi, na mtu anayekisia analiona hilo hapo hapo. Na ukisahau kubadilisha nyuzi 25 kuwa kelvini unapata lita 4.5. Nimeziona zote mbili kwenye kundi moja la karatasi.

---

Kibwana Maabara

Naomba nizungumzie maabara maana naona imesahaulika, na mimi ndiko ninakofanya kazi.

Wadogo zangu, alama za maabara ndizo rahisi kuliko zote na ndizo mnazozichezea. Kwenye kosiweki (alama za kazi za muhula) zina sehemu yake, na vyuo vingi ukikosa vipindi vya maabara huruhusiwi kufanya mtihani.

Tuangalie titresheni peke yake, ile ya kudondosha mmumunyo mmoja kwenye mwingine ili kupima ukolezi. Mlifanya Form Four na Form Six, kwa hiyo mnaingia mkijiamini. Bureti mnaisuuza kwa maji, mnamimina asidi, mnaanza. Matone ya maji yaliyobaki ndani yanapunguza ukolezi wa asidi yenu na jibu linakuwa kubwa kuliko lilivyo. Suuza kwa maji, kisha suuza kwa asidi ile ile utakayotumia, mimina taka, ndipo ujaze. Pipeti hivyo hivyo na mmumunyo wake. Chupa koni ndiyo inasuuzwa kwa maji tu, maana ukiisuuza kwa mmumunyo unaongeza moli ambazo hukuzipima.

Ondoa faneli kabla ya kusoma. Tone likidondoka kutoka kwenye faneli katikati ya kazi, namba yako imeharibika na hutajua kwa nini. Angalia chini ya bomba kama kuna kiputo cha hewa, fungua koki kwa nguvu kidogo kitoke. Soma sehemu ya chini ya mkunjo wa maji, jicho likiwa usawa wake, siyo umeinama wala umesimama juu ya stuli. Bureti ina alama za 0.1, wewe andika mpaka desimali ya pili: 23.45, au 23.40 hata kama ni sifuri. Ukiandika 23.4 msimamizi anajua hukusoma vizuri.

Kama unatumia finoftalini (kiashiria kinachobadilika rangi) na unadondosha alikali kwenye asidi, unatafuta waridi hafifu sana inayokaa kama nusu dakika. Weka kigae cheupe au karatasi nyeupe chini. Baadaye rangi itafifia yenyewe kwa sababu hewa ya ukaa ya chumbani inaingia kwenye mmumunyo, usiogope na usiongeze tone. Ikiwa waridi imekolea kama sharubati, umepitiliza, rudia.

Na msipike data. Najua bureti ni chache na foleni ni ndefu, kuna mahali wanafunzi wanane wanagawana moja, na hilo ni tatizo la kweli ambalo vyuo vinapaswa kulishughulikia. Lakini namba tatu zinazofanana kabisa, 24.50, 24.50, 24.50, kwa mtu aliyeshika bureti mara chache, zinaonekana. Tunachotaka ni zilizokaribiana ndani ya 0.1. Ile ya kwanza ya majaribio usiitie kwenye wastani.

---

Nesi Mtarajiwa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko Minnesota, Marekani, nasoma chuo cha jamii ili niingie programu ya unesi. Naomba niwaachie neno Waswahili wenzangu mlioko huku.

Kabla hujajiandikisha kemia, nenda kaulize programu unayoitaka inahitaji kemia ipi. Huku kuna kemia ya utangulizi kwa watu wa afya, ya muhula mmoja, yenye hesabu chache na mambo ya viumbe kidogo. Halafu kuna kemia ya jumla ya mihula miwili kwa watu wa sayansi, udaktari, famasia na uhandisi. Nimeona dada zetu wanaingia kwenye ya pili bila kuihitaji, wakifanya kazi usiku nyumba za wazee, wanaumia. Na nimeona kinyume chake: mtu anataka famasia, amechukua ile nyepesi, anaambiwa haitambuliwi, ada imeshaenda.

Kitu kingine, kazi za nyumbani zinafanywa kwenye kompyuta na mfumo unakataa jibu kwa sababu ya tarakimu muhimu. Unaandika 0.5, unataka 0.500. Mwanzoni nilidhani mfumo ni mbovu. Vyuo vingine mtihani wa mwisho ni ule sanifu wa Chama cha Kemia cha Marekani, maswali 70 ya kuchagua kwa dakika 110. Muda ni mfupi, kwa hiyo huko kukisia anakosema mwanzisha uzi kunaokoa sana.

Swali langu mimi ni bafa. Naweza kuweka namba kwenye fomula lakini sijui ninafanya nini.

---

Bureti50

Dada, ushauri wako wa kuuliza kabla ya kujiandikisha ni wa thamani kubwa. Hata huku kuna kozi za kemia zenye majina yanayofanana.

Bafa nikueleze kwa kitu utakachokutana nacho wodini. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45, na moja ya bafa zake kuu ni ya baikaboneti. Fikiria ni akiba ya pande mbili: kuna besi ya kupokea asidi ikizidi, na kuna asidi ya kujibu besi ikizidi. Mradi pande zote mbili zina akiba ya kutosha, pH inatikisika kidogo tu.

Kwenye damu, baikaboneti ni kama milimoli 24 kwa lita, na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ni kama 1.2. Uwiano ni 20. pKa (namba inayoonyesha nguvu ya asidi) ya mfumo huu mwilini ni 6.1. Fomula: pH = 6.1 + log 20 = 6.1 + 1.30 = 7.40. Kinachoamua pH ni uwiano kati ya besi na asidi, kila kimoja peke yake hakitoshi kukuambia lolote. Mgonjwa akishindwa kupumua vizuri, hewa ya ukaa inapanda. Ikifika 2.4 na baikaboneti ikabaki 24, uwiano unakuwa 10, pH inashuka hadi 7.1, na hiyo ni hatari. Figo zikipata muda zinaongeza baikaboneti ili uwiano urudi karibu na 20. Ukiiona hivyo, fomula inakuwa sentensi unayoisoma.

Tarakimu muhimu nazo ni haki ya mfumo wako. 0.500 inasema umepima mpaka sehemu moja ya elfu ya kipimo. Kibwana amesema hilo hilo kwenye 23.40.

---

Shangwe

Mkuu vipi kuhusu mpangilio wa elektroni? Mhadhiri wetu katumia wiki mbili hapo na kichwa kinaniuma. Kromiamu inakataa kufuata kanuni.

---

Bureti50

Ya kukumbuka kwenye ngazi hii ni mawili, kromiamu na shaba. Kromiamu inaishia 3d⁵4s¹, shaba 3d¹⁰4s¹. Maelezo ya kawaida ya darasani ni kwamba d iliyojaa nusu au iliyojaa kabisa inapunguza nishati ya jumla. Halafu elektroni zinapotoka, 4s inatangulia kutoka, kwa hiyo Fe²⁺ ni 3d⁶ na siyo 3d⁴4s². Swali hilo la ioni ndilo linalopenda kuja.

Usitumie wiki mbili zako pia. Maswali yake mengi yanajibiwa ukiwa na jedwali la elementi mbele yako.

---

Mdau wa Meru

Nimefuatilia kimya kimya. Mimi ni wa huku Arusha, meno ya watu wa kwetu mnayajua, maji yana floraidi nyingi. Mwanangu yuko mwaka wa kwanza na ameniambia floraidi inaweza kutolewa kwa kuongeza chokaa, kwamba kalsiamu inashika floraidi inakuwa kampaundi isiyoyeyuka, inatulia chini. Kama ni rahisi hivyo mbona tunaambiwa tutumie mkaa wa mifupa?

---

Bureti50

Mzee wangu, shikamoo. Mwanao amesoma vizuri, na swali lako ni swali zuri la mtihani kuliko mengi ninayoyaona. Wanafunzi, toeni karatasi.

CaF₂ inaitwa haiyeyuki, lakini ukweli ni kwamba inayeyuka kidogo. Namba yake thabiti ya uyeyukaji, Ksp (ukolezi wa ioni zake ukizidishwa pamoja), ni kama 3.5 × 10⁻¹¹. Kila CaF₂ moja ikiyeyuka inaachia Ca²⁺ moja na F⁻ mbili. Kama uyeyukaji ni s, basi Ksp = s × (2s)² = 4s³. s inakuwa 2.06 × 10⁻⁴ mol/L, na floraidi ni mara mbili yake, 4.12 × 10⁻⁴ mol/L. Zidisha kwa gramu 19.00 za moli ya florini: miligramu 7.8 kwa lita.

Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maana yake, kwenye maji safi yaliyoshibishwa CaF₂, floraidi inayobaki ni zaidi ya mara tano ya kiwango, hata kama unaona unga umetulia chini.

Ndiyo maana njia nyingine zinahitajika. Mkaa wa mifupa unanasa floraidi kwenye uso wake, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko huko kwenu Arusha kimeufanyia kazi kwa miaka mingi.

---

Binti wa Kondoa

Mkuu, nimejaribu. Je, kama tukiongeza kalsiamu nyingi zaidi kuliko ile inayotoka kwenye CaF₂ yenyewe? Nimeweka Ca²⁺ iwe 0.010 mol/L. F⁻ mraba ni 3.5 × 10⁻¹¹ ÷ 0.010 = 3.5 × 10⁻⁹. Kipeuo cha pili chake 5.9 × 10⁻⁵ mol/L. Mara 19.00 g/mol, napata 1.1 mg/L. Iko chini ya 1.5. Nimekosea wapi?

---

Bureti50

Hujakosea popote, na vipimo umeviandika vyote. Hiyo ni athari ya ioni shirikishi, mtaifikia karibu na mwisho wa muhula.

Ugumu uko kwenye maji yenyewe. 0.010 mol/L ya kalsiamu ni kama miligramu 400 kwa lita, maji magumu sana. Na maji ya Bonde la Ufa yenye floraidi nyingi kwa kawaida yana sodiamu na baikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo. Ukiongeza kalsiamu humo, kaboneti inaichukua na kutulia kama CaCO₃ kabla hujafika kwenye 0.010.

Mdau wa Meru, mwambie kijana aje na ripoti ya maji ya kijiji kama mnayo: kalsiamu, floraidi, baikaboneti na pH. Tutaipiga hesabu hapa hapa, ila kwanza abadilishe kila mg/L kuwa mol/L.